Kona ya Penseli: Minara ya Baba Haikulewa

Nilistaafu uchoraji wa ramani baada ya miaka 31 ya kuinamia meza, na macho yangu sasa yanaona vizuri paa la jirani kuliko kidole changu mwenyewe. Kwa hiyo anayenitumia picha kwa simu, aipige mchana, kwenye mwanga, wala si juu ya shuka la maua huku kivuli cha kichwa chake kimelala katikati. Leo nina barua nne. Ya kwanza nimeikalia wiki mbili, mtanisamehe ikila nafasi ya wenzake.

*Shikamoo Mzee wa Penseli. Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta bahasha, na ndani yake mchoro wa penseli wenye ukubwa wa daftari kubwa lililofunuliwa. Ni jengo la kale la Ulaya: minara miwili minene ya mviringo, mapaa yamechongoka kama pia, na katikati kuna lango la tao. Juu ya lango kuna herufi S.P.Q.L. na miaka miwili, 1477 na 1871. Chini pembeni kuna tarehe kwa mwandiko wa baba, 16/11/74. Sasa minara yenyewe imekaa upande, hasa ule wa kushoto. Kaka zangu wanacheka, wanasema mzee alichora akiwa amelewa, au aliiga kitabuni akashindwa. Mimi naupenda. Ni jengo gani hili? Na nifanye nini mchoro usiharibike? Nilitaka kuupeleka steshenari wakaupige laminesheni. Picha nimeambatanisha. — Binti wa Baharia, Segerea*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Hiyo safari ya steshenari iahirishe kwanza, nitakueleza kwa nini.

Kaka zako waambie wakamwombe mzee radhi kaburini. Aliyelewa hapo ni mnara. Hilo ni lango la mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, linaitwa Holstentor, na lilianza kuegama kabla mafundi hawajamaliza kulijenga.

Nililitambua kabla sijavaa miwani. Ofisini kwetu, miaka ya themanini, kulikuwa na mwenzetu aliyelaza noti ya marka 50 ya Ujerumani Magharibi chini ya kioo cha meza yake. Hakuibadilisha hata mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wa wakati ule mnaujua. Nyuma ya noti ile lilichorwa lango hili hili. Kila nilipokwenda kumwazima rula nililiangalia, mpaka nikawa nalijua kuliko nyumba ya mkwe wangu. Noti za toleo lile zilikuwa zikitumika mwaka 1974, kwa hiyo inawezekana kabisa baba yako alilichora lango huku analo mfukoni.

Lübeck ulikuwa mji mkuu wa Hanse, umoja wa miji ya wafanyabiashara uliotawala biashara ya Bahari ya Baltiki kwa karne kadhaa. Mji wenye fedha huogopa wageni, nao ukajijengea malango. Hili lilijengwa kati ya 1464 na 1478, na mjenzi wake aliitwa Hinrich Helmstede. Lilijengwa kwa matofali ya kuchoma. Tatizo lilikuwa ardhi. Mji umezungukwa na maji ya mto Trave, na pale lango lilipo ni kinamasi. Mnara wa kusini ulianza kuzama ujenzi ukiwa unaendelea, mafundi wakajaribu kuunyoosha kadiri walivyopanda juu. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga msingi bonde la Msimbazi anaijua habari hiyo bila kusimuliwa. Matundu ya chini kabisa ya kufyatulia, yaliyokuwa juu ya ardhi wakati wa ujenzi, leo yako chini ya usawa wa ardhi kama nusu mita.

Karne ya 19 lango lilikuwa gofu, na wengi mjini walitaka livunjwe. Mwaka 1863 halmashauri ya mji ilipiga kura, na likaokolewa kwa kura moja. Kura moja! Ukarabati ulikamilika 1871, ndiyo huo mwaka wa pili alioandika baba yako. Herufi S.P.Q.L. ziliwekwa wakati huo kwa kuiga S.P.Q.R. za Roma ya kale, maana yake ni "Baraza na watu wa Lübeck" kwa Kilatini. Na hiyo 1477 waliyoiandika waungwana wale kama mwaka wa ujenzi si sahihi. Nacheka peke yangu nikifikiria kwamba katika mchoro wote, kosa lililopo ni la wenye lango, na baba yako amelinakili kwa uaminifu.

Sasa tumsome baba yako mwenyewe. Kazi ya kusoma ramani za watu wengine niliifanya muda mrefu, na mchoro wa mkono husema mengi kuhusu aliyeuchora.

Herufi hizo nne ziko upande wa mjini. Upande wa nje kuna maneno mengine, CONCORDIA DOMI FORIS PAX, yaani nyumbani umoja, nje amani. Kwa hiyo baba yako alisimama mji ukiwa mgongoni mwake, akitazama magharibi. Hilo linathibitishwa na madirisha: ameyachora mengi, safu juu ya safu. Upande wa mji ndiko yaliko, kwani ukuta wa huko haufiki hata mita moja. Upande wa nje, ambako mizinga ya adui ingetokea, ukuta una unene wa mita tatu na nusu na matundu machache tu. Ukitazama magharibi, kusini iko mkono wako wa kushoto. Na wewe umeniambia mnara wa kushoto ndio ulioegama zaidi. Ni ule ule wa kusini, uliozama tangu enzi za Helmstede.

Tazama tena mchoro, kulia, mbele ya mnara: kuna nguzo ya taa. Imesimama wima kabisa. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtu ambaye mkono wake umelegea, au karatasi imekaa vibaya, vitu vyake vyote huegama upande mmoja. Baba yako aliweka nguzo iliyonyooka, akapima minara kwa nguzo hiyo. Na anayeiga picha asiyoielewa hunyoosha. Nimewaona vijana wengi wakinakili jengo lililopinda. Mkono wenyewe unawakosesha, unalisimamisha. Kuchora kitu kilichoegama kama kilivyoegama kunataka mtu aliyesimama mbele yake akaamini macho yake.

Kivuli kiko upande wa kulia wa kila mnara, na uso unaotutazama una mwanga. Sisi wa Dar jua linatupita utosini, saa sita mchana mwezi Novemba kivuli chako kinaingia chini ya viatu. Lübeck iko mbali sana kaskazini. Novemba kule jua halipandi, linatembea chini chini upande wa kusini. Ili liangaze uso wa lango unaotazama mji, na liache giza upande wa kulia, ni lazima liwe kusini-mashariki. Yaani baba yako alichora asubuhi, kabla ya saa sita. Tena kwa baridi. Ndiyo maana, nadhani, mistari ya chini kwenye tao imeharakishwa.

Kushoto pembeni ameanza majengo mengine ya mapaa marefu, akayaacha. Hayo bila shaka ni maghala ya chumvi, yaliyo jirani na lango upande huo huo. Chumvi ilitoka Lüneburg, ikahifadhiwa hapo, kisha ikapakiwa melini kwenda nchi za Baltiki kutia samaki. Kwa mtu wa Pwani habari ya samaki wa chumvi haihitaji maelezo.

Alitumia penseli moja tu, nadhani HB, ile ya kati, si ngumu wala si laini. Najua kwa sababu giza lake lina kikomo: ndani ya tao, mahali palipopaswa kuwa peusi kuliko pote, amepita mara tatu au nne bila kupata weusi, mpaka karatasi imeanza kung'aa. Matofali hakuyachora yote. Amechora machache kwenye kingo na pale mwanga unapokutana na kivuli, kwingine ameacha karatasi iseme. Hilo halikufundishwa na kitabu cha baharia, huyu mtu alikuwa akichora mara kwa mara. Tafuteni vizuri kwenye hilo sanduku.

Na jambo moja nakuuliza mimi, mwanangu. Mistari yake ya kivuli inateremka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Wengi wetu, tunaotumia mkono wa kulia, mistari yetu hulala kinyume chake. Je, marehemu alikuwa wa mashoto? Au alilazimishwa shuleni kuandika kwa kulia, kama wengi wa rika letu, kisha akiwa peke yake na penseli akarudi kwenye mkono wake?

Sasa matunzo. Laminesheni ni moto na gundi ya plastiki. Ikishashika haitoki tena, na karatasi ikianza kuchakaa ndani humo hakuna fundi wa kuifungua. Mchoro wa penseli una jambo la ziada: unga mweusi umekaa juu ya karatasi, haukuingia ndani kama wino. Ukiugandamiza kwa moto na plastiki umeuchafua mwenyewe. Selotepu pia usiiguse. Najua iko kila nyumba, lakini gundi yake huacha doa la rangi ya chai ambalo halifutiki.

Uzuri ni kwamba weusi wa penseli haupauki kwa jua, maana ni kaboni tupu. Kinachougua ni karatasi. Inakuwa ya njano, inakatika, na hapa kwetu unyevu wa masika huleta ukungu. Nawa mikono ukaushe, ushike mchoro kwenye kingo tu. Kabla ya jambo lolote kaupige skani kwenye mashine ya kulaza, ile yenye kioo na kifuniko; wasikuingizie kwenye mashine inayomeza karatasi kwa roli. Nakala hiyo wape kaka zako, waendelee kucheka na nakala.

Ukitaka kuutundika, mweleze fundi fremu mambo matatu, umweleze akiwa hajashika mkasi. Asikate kingo, kwa sababu tarehe iko pembeni na mafundi wetu wanapenda kufanya kila kitu kiingie kwenye fremu aliyonayo tayari. Aweke kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ili kioo kisiguse mchoro. Kioo kikigusa, jasho la kioo linaingia kwenye karatasi. Na asiugundishe mchoro wote mgongoni. Vipande viwili vidogo vya karatasi laini upande wa juu, vilivyobandikwa kwa uji mzito wa wanga, vinatosha kuuning'iniza. Kadibodi iwe ile isiyo na asidi, wauza vifaa vya sanaa wanaielewa ukiitaja hivyo. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, wala karibu na jiko. Na yale madoa ya kahawia pembeni usiyasugue kwa ufutio. Huenda ni chai ya melini. Yaache.

*Shikamoo babu. Niko darasa la saba, Mbagala. Napenda kuchora kasri za zamani na minara ya duara, lakini wenzangu wanasema mnara wangu ni kama kopo lililokanyagwa na bodaboda. Nimetumia rula na penseli ya HB. Nimekosea wapi?*

Marahaba mjukuu wangu. Umekosea kwenye rula. Iweke kabatini.

Nimeuona mnara wako. Kingo mbili umezichora wima vizuri, lakini chini umefunga kwa mstari ulionyooka, juu umefunga kwa mstari ulionyooka, kisha katikati umepanga mawe kama matofali ya ukuta wa uani. Unajua kwamba mnara ni wa duara, ila mkono wako umechora mlango wa friji.

Fanya hivi. Toka nje utafute tangi la maji la plastiki juu ya paa la jirani, yale meusi. Mengi yana mikunjo inayolizunguka kama pete. Simama barabarani uzitazame pete hizo. Utaona zimepinda kwenda juu, kama upinde wa mvua, na ya juu kabisa imepinda kuliko zote. Kwa nini? Kwa sababu ziko juu ya macho yako. Halafu ingia ndani, weka ndoo sakafuni, isimamie. Mdomo wa ndoo ni yai pana, na kitako chake kimepinda kwenda chini, kama tabasamu. Hiyo iko chini ya macho yako. Sasa pandisha ndoo mezani, kisha juu ya kabati, polepole, hadi mdomo wake ulingane na macho yako sawasawa. Hapo mdomo unakuwa mstari ulionyooka. Ni mahali hapo pamoja tu ambapo rula yako ingekuwa na haki.

Mnara ni tangi na ndoo vimebebana. Mtu anayesimama chini ya mnara macho yake yako kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Kwa hiyo ukanda ulio usawa wa macho ni mstari ulionyooka, chini yake kidogo unapinda kwenda chini, na juu yake kila ukanda unapinda kwenda juu, zaidi na zaidi, mpaka ukingo wa paa unakuwa upinde kamili. Chora kwanza huo mstari wa macho kwa penseli nyepesi ukatishe karatasi yote. Ukishaupata, mengine yanajipanga yenyewe. Na yale mayai yako yasiwe na ncha kali pembeni kama kisheti. Pembeni pia yanazunguka, hata kama ni kidogo kama ukucha.

Mistari ya mawe ifuate mapinde hayo hayo. Mawe ya katikati ni mapana, yakikaribia ukingo yanakuwa membamba kwa sababu yanazunguka kwenda nyuma. Madirisha vivyo hivyo. Na dirisha la mnara wa kale si shimo jeusi lililobandikwa. Ukuta ule ni mnene kuliko wewe kulala kwa urefu, kwa hiyo ndani ya dirisha utaona ubavu wa ukuta upande mmoja. Chora ubavu huo uache upande wa pili. Mstari mmoja tu, na mnara unapata uzito wa tani.

Kivuli: usiweke giza kuu kwenye ukingo kabisa. Litazame tangi lile tena saa kumi jioni. Upande wa jua una mwanga, kisha unaingia giza taratibu, giza linakuwa kubwa kabla kidogo ya ukingo, halafu ukingoni kabisa kuna mwanga hafifu unaorudishwa na ukuta au bati la jirani. Ukiuacha huo mwanga mdogo, mnara unazunguka. Ukiufunika, umerudi kwenye kopo. Kwa kazi hiyo tafuta penseli ya 2B na moja ya 6B. HB ibaki kwa mistari ya mwanzo.

Mwalimu wangu wa uchoraji alituchoresha sufuria wiki nzima. Sufuria moja, lenye tundu, kila siku pembe tofauti. Siku ya tano tulimchukia. Siku ya sita nilichora pipa bila kufikiri, nikasahau kumchukia.

*Mwanangu wa miaka mitano anatafuna penseli mpaka meno yanakuwa meusi. Jirani kaniambia ndani kuna risasi na risasi ni sumu. Nifanyeje? — Mama wa Tandika*

Risasi kweli ni sumu, ila ndani ya penseli haimo. Kile cheusi ni kinywe, yaani grafiti, kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha kikachomwa. Kinywe tunacho wenyewe, kiko Mahenge, mkoani Morogoro. Jina la risasi (lead kwa Kiingereza) lilitoka Uingereza, ambako karne ya 16 watu waliokichimba milimani walidhani ni aina ya risasi, na kosa hilo halijafutika hadi leo. Namna ya kukichanganya na udongo ilitoka Ufaransa, kwa mvumbuzi aitwaye Conté, mwaka 1795: udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, hizo ndizo za H, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi, hizo ni za B.

Hata hivyo mkataze kutafuna. Vipande vya mti vinaweza kumkaba, na rangi ya nje ya penseli za mitaani sijui mtu aliyeipima. Mpe muwa.

*Mzee, kila mwezi ni Ulaya, Ulaya. Mara kanisa la Italia, mara ngome ya Ufaransa. Sisi hatukuwa na minara? Au penseli yako haivuki daraja la Mlalakuwa? — Msomaji mwenye hasira, Kunduchi*

Hasira yako naipokea, ila ungenisaidia kama usingeandika kutoka Kunduchi. Umekaa na magofu mlangoni! Pale kwenu kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, na ndani ya nguzo mafundi walipachika bakuli na sahani za kauri zilizotoka China. Mara ya mwisho umekwenda lini? Mimi nilikwenda na daftari, nikawakuta mbuzi watatu na wanafunzi wawili waliotoroka shule.

Nguzo hizo ndizo minara yetu ya kuchora. Kaole, karibu na Bagamoyo, zipo pia. Na ukitaka jengo la kumnyamazisha Mjerumani, nenda Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, likiwa na vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Helmstede alipoanza kuchimba msingi wake wa tope kule Lübeck, Husuni Kubwa lilikuwa limeshajengwa, likakaliwa na likaachwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981.

Hapa katikati ya mji tuna mnara wa kanisa la Azania Front pale Kivukoni, wenye vigae vyekundu. Wajerumani waliujenga kwa kuiga mambo ya kwao, si wa kale kihivyo, lakini kwa kujifunza ni mzuri, una pembe, una vigae, una kivuli. Nilipokaa mara moja kuuchora, mlinzi wa jengo la jirani alikuja akasimama nyuma yangu kama robo saa. Nikajiandaa kujieleza. Akasema, "Mzee, dirisha moja umelisahau." Nikahesabu. Kweli.

Mawe ya Kunduchi na Kaole ni ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo sahau mistari ya matofali. Shika penseli ya 4B ukiilaza, usugue kwa ubavu wake, karatasi yenye mkwaruzo itakufanyia nusu ya kazi. Mashimo ya matumbawe yaweke machache, kwenye mpaka wa mwanga na kivuli tu. Pale ambapo chokaa bado imeshika, acha karatasi nyeupe. Na sahani zikiwa zimeng'olewa, kama nyingi zilivyong'olewa, chora shimo lake la mviringo, usiirudishe sahani. Nguzo nyingine zimeegama. Ziache zimeegama.

Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu. Baada ya hapo jua liko utosini na kivuli hakuna, si cha mchoro wala cha mchoraji. Beba maji, kofia, na kigoda cha kukalia. Mbuzi wanapenda karatasi.